Mkataba wa Sasa Hivi

Hospitali nzima ilimwita Sasa Hivi, na hakuna aliyemwonea kwa jina hilo. Alijipa mwenyewe, kwa mdomo wake. Ukimpigia simu kwamba kompyuta imegoma, anajibu, "Nakuja sasa hivi." Ukimtuma mtu akamwite, jibu linarudi, "Mwambie nakuja sasa hivi." Ukimkuta ameinama chini ya meza, nyaya zimemzingira na nusu ya mwili haionekani, sauti inatokea huko huko chini, "Sasa hivi, sasa hivi, namalizia hapa." Na jamani, alikuwa anamaanisha! Angekuwa mwongo, watu wangeshamzoea na kumwacha na uongo wake. Huyu alikuwa mkweli wa roho, ila miguu ilikuwa miwili na koridoni palikuwa na watu.

Maana koridoni ndiko kulikokuwa na balaa. Kitengo cha kompyuta kilikuwa na namba yake ya simu, imebandikwa kila mlango kwa herufi kubwa, na hakuna aliyeipiga. Watu wa pale walikuwa na mtindo wao. Mtu kompyuta yake ikiharibika, hakuripoti. Alikaa na tatizo lake, akalilea, sikio liko mlangoni, mpaka asikie viatu vya fundi vinapita. Hapo ndipo anachomoka na kumdaka mkono. "Dakika moja tu!" Dakika moja ya mfamasia, dakika moja ya maabara, dakika moja ya mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa na simu yake haina sauti. Sasa Hivi alikuwa akitoka ofisini kwake asubuhi na mfuko wa bisibisi, anakwenda upande wa pili wa jengo, anafika wakati watu wanafunga milango warudi makwao.

Chini yake walikuwepo mafundi wawili. Mmoja mrefu kupita kiasi, akiitwa Ngazi. Mwingine dada mmoja aliyekaa kwenye ile simu isiyolia, wakimwita Spika, kwa sababu sauti yake haikuhitaji simu. Wote watatu walifanya kazi mpaka migongo inauma, na wote watatu walitukanwa kila siku.

Basi Jumatatu moja mkurugenzi akamwita.

"Kuna kampuni ya nje inataka kazi yenu," alisema, bila hata kumwambia karibu kiti. "Wanasema wataandikiana mkataba wa huduma na kila idara. Nani anahudumiwa, kwa muda gani, nani anafanya nini. Ninyi mna nini?"

"Sisi tuna moyo, mkurugenzi."

"Moyo hauwekwi kwenye faili. Ijumaa, saa sita mchana, nataka mkataba wenu hapa mezani. Saini za wakuu wanne: maabara, famasi, masjala, na wodi ya wazazi. Ikikosekana hata moja, nawaita wale."

"Na sisi je?"

"Ninyi nitawaandikia barua nzuri ya kuwasifu."

Sasa Hivi alitoka mle akihesabu watu wake. Barua ya kuwasifu! Ngazi ameoa juzi tu. Spika anamsomesha mdogo wake. Yeye mwenyewe, mbali na nyaya na skrini, hakuwa na kazi nyingine duniani aliyoipenda. Lakini alipofika ofisini alikuwa ameshaanza kutabasamu, maana ndivyo alivyoumbwa. Wakuu wanne, alijiambia, ni jambo gani? Wote wananifahamu. Tena mmoja nimemuoa.

Ndiyo, mkuu wa wodi ya wazazi, Sista Mkuu mwenyewe, yule mwenye saa iliyobanwa kifuani na macho yanayomfanya daktari afunge vifungo vya koti, alikuwa mke wake.

Akaketi, akaandika mkataba jioni ile ile. Uliingia ukurasa mmoja na nafasi ikabaki. Kiini chake kilikuwa sentensi hii: tatizo lolote, la idara yoyote, litashughulikiwa sasa hivi.

Loo, ulipendwa! Mama Hadubini wa maabara alitia saini amesimama. Mzee Faili wa masjala alisoma mara mbili, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema ameitumikia serikali na watu binafsi lakini hajawahi kuona karatasi tamu hivi. Mfamasia, ambaye alimwita Sista Mkuu dada na kwa hiyo akamwita Sasa Hivi shemeji, alimkumbatia. "Shemeji, hapa umetutendea haki. Hebu basi, dakika moja tu, printa yangu..."

Alipotoka famasi alikuwa amechelewa, lakini kifua mbele. Akaingia wodi ya wazazi. Watoto walikuwa wanalia kwa zamu, huyu akinyamaza yule anapokea. Sista Mkuu alikuwa anakunja shuka.

"Sista, saini yako tu hapa chini."

Alisoma. Hakuchukua muda. Akamrudishia karatasi kama anavyorudisha chupa ya maziwa ambayo haikuoshwa.

"Sitii saini."

"Husemi kweli."

"Mkataba huu ninao nyumbani, mume wangu. Nimeishi nao tangu tulipooana. Bomba la jikoni linavuja chini ya mkataba huu. Mlango wa kabati umening'inia chini ya mkataba huu huu. Sitauleta na kazini."

Wazazi waliokuwa kwenye vitanda vya karibu wakaanza kucheka chini chini, mmoja akashika tumbo na kulalamika kwamba mshono unauma, wamnyamazishe huyo sista. Sasa Hivi alijikaza kisabuni, akacheka na yeye. Lakini alipofika mlangoni alikuwa ameshaacha kucheka.

Jioni hiyo alirudi kama kawaida yake, yaani baada ya kusema kwenye simu kwamba yuko njiani na baada ya njia hiyo kupitia vyumba kadhaa vya watu. Chakula chake kilikuwa mezani, kimefunikwa kwa sahani nyingine. Mchuzi ulikuwa umeganda juu. Bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye bakuli, tii, tii, tii. Binti yao alikuwa anafanya hesabu za shule pembeni.

"Baba, utanisaidia hili swali?"

"Sasa hivi, mwanangu."

"Sasa hivi ya leo au ile nyingine?"

Sista Mkuu alicheka mpaka akaegemea jokofu. Mumewe hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Mama," alisema, "unataka nifukuzwe kazi?"

Kicheko kikaisha. Sista Mkuu akavuta kiti, akakaa mbele yake, na aliposema hakuwa Sista tena.

"Sikiliza. Mimi kungoja najua. Kazi yangu yote ni kungoja, mtoto hatoki kwa sababu sista ana haraka. Lakini nikimwambia mama mjamzito bado, najua bado ya aina gani, na yeye anajua, anatembea kidogo, analala kidogo. Wewe ukiniambia sasa hivi, nasimama mlangoni. Napakua chakula. Nakipasha, kinapoa, nakipasha tena. Mwishowe nakula peke yangu na hasira. Ungeniambia ukweli kwamba utachelewa, ningekaa, ningenyoosha miguu, ningefurahi. Sikasirikii kungoja. Nakasirikia kutojua."

Sasa Hivi alitazama mchuzi wake ulioganda. Aliona aibu, na kwa kuwa aliipenda sana sura ile iliyokuwa mbele yake, aibu ilimuuma zaidi.

"Nikimwambia mtu asubiri," alisema polepole, "naona kama nimemtukana. Naona atasema huyu fundi gani."

"Na sasa wanasemaje?"

Akaisukuma sahani pembeni, maana alijua wanasemaje.

Asubuhi aliichana ile karatasi tamu. Spika alipiga yowe lililosikika mpaka geti la nje. "Saini tatu hizo, bosi! Saini tatu!" Lakini bosi alikuwa ameshaandika kitu ubaoni, na akawaita wakuu wote kwenye chumba cha mikutano.

Walikuja wamenuna. Mzee Faili ndiye aliyeanza. "Jana umetupa peremende, leo unatunyang'anya mdomoni. Mambo gani haya?"

"Wakuu wangu, nina swali moja," alisema Sasa Hivi. "Kompyuta zenu zote zikifa kwa wakati mmoja, nianze wapi?"

"Kwangu!" walisema wote, kwa sauti moja, kama kwaya iliyofanya mazoezi. Kisha wakatazamana.

Hapo palichemka. Mfamasia alisema dawa ndiyo hospitali. Mama Hadubini alimuuliza dawa ya ugonjwa gani, kama damu haijapimwa? Mfamasia akamwambia asimpandishie sauti. Mama Hadubini akasema hiyo siyo sauti, sauti yake hajaitoa bado. Ngazi, aliyekuwa anafunga waya wa dari, aliteremka akakaa kabisa ili afaidi. Sista Mkuu alikunja mikono, akawatazama.

Aliyewashangaza wote ni Mzee Faili. Alikohoa, akarekebisha miwani.

"Mimi," alisema, "kompyuta yangu ikifa asubuhi, nikitengenezewa kesho yake, nani atakufa? Hakuna. Nitanung'unika tu, na kunung'unika naweza hata ikiwa nzima."

Kilikuwa kicheko cha kwanza siku hiyo, na kilifungua mlango. Mfamasia akakubali kwamba printa ya vibandiko vya dawa ni ya haraka, ila ile ya ofisini kwake, hasa hasa, huwa anachapia ratiba ya mpira. Mama Hadubini akakubali kwamba mashine ya kupokea majibu ya damu haiwezi kungoja, lakini kompyuta ya mapokezi yake inaweza. Mpaka wakati wa chai ubaoni pakawa na mafungu matatu: ya saa hiyo hiyo, ya siku hiyo hiyo, na ya kesho. Chini yake mafundi wakaahidi jambo moja, kwamba kila anayepiga ile namba ataambiwa muda wa kweli, na muda ukibadilika atapigiwa yeye kabla hajapiga. Na wateja nao wakaahidi lao, maana mkataba ni wa watu wawili: hakuna kumdaka fundi koridoni.

"Hata kidogo?" aliuliza mfamasia.

"Hata kidogo, shemeji."

Watatu wakatia saini, safari hii wamekaa na wamesoma. Karatasi ikafika kwa Sista Mkuu. Aliisoma mstari kwa mstari, akaguna kwa kuridhika, na akairudisha.

"Nzuri sana. Nitatia nikiiona inatembea."

"Ijumaa saa sita ndiyo mwisho!"

"Basi itembee kabla ya hapo," alisema, akaondoka zake, saa yake ikining'inia kifuani.

Alhamisi ikapita wodi ya wazazi bila hata taa kuzimika. Sasa Hivi, Mungu amsamehe, alijikuta anaomba kitu kiharibike.

Ijumaa asubuhi kikaharibika. Ile simu ya kitengo ikalia. Spika aliitazama kwanza, hakuamini, kisha akaidaka. "Kitengo cha kompyuta! ... Ndiyo, Sista Mkuu! ... Printa ya karatasi za ruhusa. Wazazi wangapi? Wodi nzima!" Akafunika simu kwa kiganja, jambo ambalo halikusaidia chochote. "Bosi, fungu la saa hiyo hiyo. Nimwambie nini?"

Ulimi wa Sasa Hivi ulishafika kwenye neno lake. Aliling'ata. Akatazama ukutani, akapiga hesabu ya vifaa na mwendo.

"Mwambie kabla ya saa nne nitakuwa nimeshafika."

Akashika mfuko, akatoka koridoni.

Upande wa wodi ya wazazi mabenchi yalikuwa yamejaa. Mabibi, mashangazi, waume wenye mabegi mapya, wote wamekuja kuchukua watoto wao wachanga na wote wanangoja karatasi. Walimwona fundi anakuja kwa mbali na wakanyoosha shingo.

Mlango wa famasi ukafunguka. "Shemeji! Dak..."

Sasa Hivi alisimama. "Shemeji, piga ile namba. Mimi siji sasa."

Mfamasia akarudi ndani. Baadaye kidogo sauti ya Spika ikasikika hewani ikimwambia saa nane mchana. Sasa Hivi aliendelea kutembea, na alihisi wepesi wa ajabu magotini. Nimesema, na hakuna aliyekufa!

Kabla hajafika kwenye kona, mkono mzito ukamshika bega.

"Ah, Sasa Hivi! Nilikuwa nakutafuta." Alikuwa mkurugenzi, simu mkononi. "Barua pepe hazifunguki. Hebu dakika moja tu."

Jamani, mtihani gani huu? Mtu yule yule mwenye kampuni ya nje mfukoni, siku ile ile. Benchi zima likageuka. Bibi mmoja mwenye kanga begani alisogea mbele ili asikie vizuri. Sasa Hivi aliifikiria barua ya kuwasifu, akamfikiria Ngazi na mke wake mpya, na mwishowe akakiona kile chakula kilichofunikwa kwa sahani, mezani kwake. Akapiga moyo konde.

"Mkurugenzi, kwa heshima zote. Siwezi sasa. Kuna wodi nzima inangoja na nimeahidi kabla ya saa nne. Namba ya kitengo ipo hapo mlangoni nyuma yako. Ukipiga utaambiwa muda wako wa kweli."

"Mimi?" alisema mkurugenzi.

"Wewe pia, mkurugenzi. Nisamehe."

Mkurugenzi alimtazama, akaitazama namba mlangoni. Bibi wa kanga hakuvumilia. "Piga, baba, si umeambiwa upige? Tuachie fundi wetu!"

Benchi likaangua kicheko. Na mkurugenzi, uso umemkunjika kwa aibu au kwa hasira, hakuna aliyejua, akapiga. Spika akajibu kwa sauti iliyofika koridoni kote bila msaada wa mtandao. "Barua pepe? Hilo fungu la siku hiyo hiyo. Saa tisa alasiri fundi Ngazi atakuja. Jina nani mwenzangu? ... Uwiii!"

Hapo mkurugenzi naye akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Saa tisa," alisema akijifuta macho. "Mara ya kwanza tangu nije hapa najua fundi anakuja saa ngapi. Nenda, bwana. Nenda!"

Sasa Hivi hakwenda, alikimbia. Aliingia wodini, Sista Mkuu akaitazama saa ya kifuani: saa nne bado. Printa ilikuwa imemeza kibandiko cha jina la mtoto, kimejiviringisha kwenye rola. Alikitoa kwa koleo dogo, taratibu, kizima kizima, akakibandika kwenye mkono wa Sista Mkuu. Mashine ikaguna, ikatema karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mlango ukafunguliwa na watoto wakaanza kutoka, wamefungwa kama mikate midogo, mashangazi wakigombania nani abebe kwanza. Bibi wa kanga alipopita na mjukuu wake alimpiga fundi kofi la mgongoni lililomtoa pumzi.

"Umeona imetembea?" alimuuliza mkewe. Alikuwa ameshika karatasi na kalamu.

"Nimeona. Na nimesikia yote, dirisha lilikuwa wazi." Sista Mkuu aliichukua kalamu, lakini hakuandika. "Kuna mteja mmoja hujamhudumia. Leo utarudi nyumbani saa ngapi?"

Likaja lile neno. Lilifika mpaka kwenye meno. Akalirudisha. Alifikiria famasi ya saa nane, akaongeza njia, akaongeza na duka la vifaa.

"Sitarudi mapema," alisema. "Saa moja na nusu jioni. Nitakuwa na washa mpya, ule mpira wa kuziba bomba."

"Saa moja na nusu."

"Saa moja na nusu. Ikibadilika nitakupigia."

Sista Mkuu aliweka karatasi juu ya mgongo wa mumewe, kwa kuwa meza ilijaa nepi, akatia saini yake kubwa. Kalamu ilimtekenya. Saa sita haijafika, mkataba ulikuwa juu ya meza ya mkurugenzi, na Spika alikuwa amempigia mdogo wake kumwambia habari njema, ingawa majirani wote walizipata pia.

Saa moja na nusu jioni Sasa Hivi alisukuma mlango wa nyumbani kwake, washa mfukoni. Hakukuwa na sahani iliyofunikwa. Mkewe alikuwa amenyoosha miguu kwenye kiti, ametulia, na binti alikuwa ndiyo kwanza anapakua. Mvuke ulipanda kutoka kwenye bakuli hadi kwenye taa. Walikaa wote watatu. Sasa Hivi akachota kijiko kikubwa, kama alivyozoea kuchota, akakitia mdomoni.

"Aaah! Aah! Maji!"

Aliruka, machozi yakamtoka, ulimi nje. Binti alishuka chini ya meza kwa kicheko. Sista Mkuu alimletea maji, akamshika shavu, na macho yake yeye pia yalikuwa yamelowa.

"Polepole, baba," alisema. "Najua. Hujazoea cha moto."